Steshen Aliyoipitisha Baba

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Gari langu la zamani lilipokata roho njiani na kuniacha na masanduku yangu ya vifaa kando ya barabara, nilimpigia baba simu kabla moshi haujaisha. Iliita, ikaita, ikaita tena. Mwisho akapokea mama.

"Simu ilikuwa mfukoni mwake inalia, naye amekaa tu anatazama ukuta," akasema. "Hebu njoo, tutazungumza."

Sikumuuliza tutazungumza nini. Akili yangu ilikuwa kwenye gari. Kazi yangu ni kutengeneza mafriji ya chanjo katika zahanati, na friji likizima asubuhi, mpaka jioni chanjo zote ni za kutupa. Nahitaji gari linalokimbia, lenye buti la kumeza masanduku. Na tusidanganyane, napenda gari lenye nguvu. Nimelelewa gereji, mtoto wa fundi, na nilijua kutofautisha injini kabla sijajua kufunga viatu.

Baba yangu wanamwita Sikio. Hata mama humwita hivyo akiwa amefurahi. Mjini kwetu mtu hanunui gari lililotumika mpaka Sikio alisikilize kwanza. Anafungua boneti, anafumba macho, anachukua bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni. Mpini ule umelainika kwa shavu lake. Akimaliza hatoi maelezo. Anasema neno moja mbele ya wote waliopo: "Nzima," au "Iache." Basi. Akisema nzima, wauza magari wanalibeba neno lile kama cheti: hii imepita kwa Sikio. Sijawahi kuona mtu akibishana naye.

Kwa hiyo siku ya kwenda yadi ya magari nilimchukua yeye, ningemchukua nani mwingine? Muuzaji alikuwa ametuwekea magari mawili mbele, yameoshwa yanang'aa. La kwanza lilikuwa steshen wagon ya kijivu, ndefu, imelala chini, turbo yake kubwa, ya miaka mingi lakini imetunzwa. La pili lilikuwa SUV ndogo, mpya kidogo kuliko mwenzake, fupi, imesimama juu, nayo ina turbo.

Baba aliizunguka ile SUV mara moja tu. "Kiatu cha mtoto chenye kisigino," akasema. Muuzaji akacheka, mimi nikacheka, hata baba akacheka.

Nikaziendesha zote mbili, baba kando yangu. SUV ilikuwa na nguvu, sikatai. Ukikanyaga mafuta inaruka. Lakini kwenye kona inakupeperusha, na masanduku yangu yaliingia tu baada ya kukunja viti vya nyuma. Steshen, jamani! Ile steshen ilishika barabara kama imegundishwa. Nilikata kona ya kiwanda cha mabati bila kugusa breki, nikapiga kelele ya furaha, na baba akapiga paja lake akisema, "Hili ndilo gari, binti yangu. Hili ndilo gari." Moyo wangu ulikuwa umeshaamua. Nilibakiza neno lake tu.

Tuliporudi yadi tukaiacha inaunguruma. Baba akafungua boneti, akafumba macho, akaweka bisibisi. Mimi nilisimama karibu na gurudumu la mbele, na ndipo nikasikia. Sauti nyembamba, chini ya mngurumo, kama mtu anayekwangua sufuria chumba cha pili. Chwa, chwa, chwa. Hiyo ilikuwa cheni ya taimingi, ile cheni ya ndani inayoziendesha vali za injini. Ilikuwa imelegea na inasugua kifuniko chake. Cheni hiyo ikikatika gari likiwa mbioni, injini imekufa, na ukiwa mlimani nyuma ya lori, nawe umo hatarini. Baba ndiye aliyenifundisha sauti hiyo, nikiwa mdogo, akinishikia mpini sikioni kwa mkono wake.

Nikamtazama muuzaji. Muuzaji akatazama viatu vyake.

Nikamtazama baba. Alikuwa anatabasamu, macho kayafumba. Akaondoa bisibisi, akaifuta, akasema kwa sauti yake ile ya siku zote, "Nzima."

Nilidhani anatania. Nilingoja acheke. Hakucheka. Akanigeukia akingoja nifurahi, na hapo yote yakanijia kwa mkupuo: simu inayolia mfukoni, redio inayotikisa madirisha, birika linalopiga filimbi jikoni naye yupo palepale hainui kichwa. Miaka yote ya nyundo na mashine za kukata chuma ilikuwa imemla masikio. Mngurumo mzito alikuwa bado anausikia. Sauti nyembamba zilikwisha kumwacha, naye hakujua, maana mtu hasikii asichokisikia.

Ningesemaje? Pale, mbele ya muuzaji na wapiga debe wake na watu waliokuja kumwona Sikio akifanya kazi? Nikafunika kombe.

"Baba, nimeipenda ile ndogo," nikasema.

"Ipi?"

"Ile SUV."

Tabasamu likamtoka. "Nimekwambia hii nzima."

"Nimesikia, baba. Ila nataka kukaa juu. Barabara za zahanati ni mbovu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema. "Umeendesha hii ukacheka mpaka gego la mwisho nimeliona. Sema tu neno langu halikutoshi."

Nikageuka nikamuuliza muuzaji bei ya ile SUV, na baba akalichukua hilo kuwa ndiyo. Alikuwa hajawahi kukataliwa neno lake, na wa kwanza kulikataa akawa mimi, mtoto wake. Niliinunua ile SUV siku ileile, roho inaniuma mara mbili, kwa steshen niliyoiacha na kwa baba aliyekaa kando yangu akitazama nje. Njiani king'ora cha mkanda kikaanza kulia. Ting, ting, ting, kikali cha kutoboa kichwa. Baba alikuwa hajafunga mkanda wake. Alikaa tu, kikimlilia yeye. Nikasimamisha gari, nikanyoosha mkono mbele ya kifua chake, nikamfungia. Hakuuliza kwa nini.

Nyumbani mama alinivuta jikoni. "Umemwambia?"

"Kumbe unajua?"

"Nalala na nani mimi? Nimemwambia aende hospitali akapime, akanijibu kwamba siku hizi mimi ndiye ninayenong'ona. Sikio la kufa…" Akaishia hapo, akaweka mkono mdomoni. Methali ile alimtania nayo maisha yake yote, sasa ilikuwa haisemeki. "Mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

"Nitamwambia," nikasema. Mimi nisiye na subira, niliyezoea kutaka kila kitu leo, kwa jambo hili nikasema kesho, na kesho yake nikasema kesho.

Wiki ikapita. Muuzaji akanipigia kwamba ufunguo wa akiba umepatikana, nikaufuate. Baba akaja nami. Alikuwa bado amenuna, lakini tangu lini akakataa kwenda palipo na magari? Alibeba na bisibisi yake, kama mwingine anavyobeba miwani.

Tulipoingia yadi niliiona steshen ileile ya kijivu, boneti wazi, injini inaunguruma. Mbele yake walisimama mwalimu mmoja mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa shati, na mkewe mjamzito, mimba imekua, mkono kiunoni.

"Kwetu ni juu mlimani," mke alikuwa akisema. "Siku yangu ikifika, hospitali ni mbali. Nataka gari lisilonizimikia njiani. Mengine siyajali."

"Mama, hili limepita kwa Sikio," muuzaji akamjibu. Kisha akatuona, akaguna kidogo, lakini alikuwa keshasema, akaona bora amalizie. "Tena huyo hapo mwenyewe. Muulizeni."

Mwalimu akamshika baba mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee. Tumekusikia sana. Eti, ni kweli?"

Na baba, aliyekuwa amejikunja wiki nzima, nikamwona akinyooka. Mabega yakarudi nyuma. Hapa palikuwa na watu wanaolithamini neno lake. "Nzima," akasema.

Yule mke akafumba macho, akashusha pumzi, akaliegemea gari. Mumewe akaanza kufungua mkoba.

Chwa, chwa, chwa. Niliisikia kutoka pale niliposimama. Kombe nililolifunika mimi ndilo lililokuwa limewekwa mbele ya mama huyu ale.

"Si nzima," nikasema.

"Dada, tafadhali," muuzaji akasema haraka. "Wewe ulishanunua lako. Usiharibu riziki za watu."

"Nyamaza wewe! Ulisikia siku ile kama nilivyosikia mimi."

"Unasemaje?" baba akaniuliza. Alikuwa anatazama mdomo wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasogea karibu, nikapaza sauti, nikasema mbele ya wote. "Baba, si nzima. Cheni ya taimingi imelegea. Inasugua kifuniko. Niliisikia siku ile tulipokuja."

"Mbona mimi sikuisikia?"

Alinitazama usoni, akamtazama muuzaji, akawatazama wapiga debe ambao ghafla kila mmoja alikuwa na tairi la kukagua. Akarudi kwangu. Nikamwona akielewa, na sitaki kuuona tena uso ule.

"Uliisikia siku ile," akasema polepole, "ukanyamaza."

"Sikutaka kukuaibisha, baba."

"Sikio ni la Mungu, akilitaka atalichukua. Nitafanyaje? Lakini neno langu lilikuwa mikononi mwako. Uliliona linaharibika, ukaliacha lizunguke mjini." Akamtazama yule mama na tumbo lake. "Ukaliacha lifike hapa."



Akaenda kwenye injini. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha cheni, mpini sikioni. Akangoja. Akahamisha ncha. Akageuza kichwa, akajaribu sikio la pili. Tulisimama wote tukimtazama anavyotafuta, na mama mjamzito akaanza kulia bila sauti, sijui kwa ajili ya gari au kwa ajili ya baba.

Kisha baba akautoa mpini sikioni, akauuma kwa meno.

Akafumba macho. Mikono yote miwili ilishika chuma, taya limekaza. Alikaa hivyo kitambo. Halafu nikaona uso wake ukishuka, kidogo kidogo, na nikajua mtetemo umemfikia mfupani na ameutambua.

Akaitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwa ovaroli yake. Akawageukia wale watu wawili, akasimama wima kama anavyosimama siku zote akitoa neno.

"Iacheni," akasema. Halafu akaongeza, yeye asiyeongeza kitu kamwe. "Mimi ndiye niliyesema nzima. Nilikosea. Mniwie radhi."

Mwalimu akafunga mkoba wake. Mkewe akamshika baba kiganja kumshukuru. Muuzaji alizima injini bila kuambiwa.

Tukaingia kwenye SUV. Nikawasha, na king'ora cha mkanda kikaanza. Baba alikuwa ananitazama.

"Kuna kitu kinalia?" akauliza.

"Kinalia, baba."

"Kinasemaje?"

"Kinasema ufunge mkanda."

Akafunga mwenyewe. Alipapasa kutafuta tundu, nami safari hii sikumsaidia. Kikanyamaza. Nikaweka gia, nikataka kuondoka, akanishika mkono.

"Na mengine?"

"Mengine yapi?"

"Magari. Niliyoyapitisha tangu masikio yaanze kuniacha. Ni mwaka? Ni zaidi? Watu wanawapakia watoto wao humo."

Nilikuwa sijaliwaza hilo. Nakwambia kweli, wiki nzima nililia kwa ajili ya jina lake na sikuwawaza wale watu hata mara moja. Yeye kachukua muda wa kufunga mkanda tu akawafikiria.

Akaiweka bisibisi juu ya mapaja yangu. Mpini ulikuwa bado na alama za meno, umelowa.

"Twende tukawatafute, mmoja mmoja," akasema. "Wewe utasikiliza. Mimi nitaomba radhi."

Tulianza na mama wa duka la dawa, aliyenunua gari lake kwa neno la baba, kwa kuwa alikuwa wa karibu.