Miche Kumi na Mmoja ya Mama Atuganile

Jana mchana niliota nimepangiwa zamu ya kuhesabu.

Sikuwa kitandani. Nilikuwa ofisini, nimelaza kichwa juu ya taarifa niliyoiandika kwa mkono wangu: mimi, Zefania Mwakitalu, afisa kilimo wa kata, nathibitisha kwamba nyuma ya nyumba ya Mama Atuganile, mjane, nilikuta miche kumi na mmoja ya bangi. Leo asubuhi nilitakiwa kuisoma mahakamani. Mama Atuganile alikuwa rumande tangu Jumatatu. Kauli yake haikubadilika: mche ni mmoja, umejiotea kando ya banda, na majani yake huwapa kuku wakishikwa na mdondo. Kama ni mmoja, alisema wakili wake, mama anaweza kusikilizwa. Kama ni kumi na mmoja, hilo ni shamba.

"Chimba uone, mwanangu," aliniambia siku nilipokwenda kwake na askari. Sikuchimba. Mvua ilikuwa inakuja na viatu vyangu vilikuwa vipya. Nilihesabu vichwa kutoka kwenye kibaraza, askari wakavikata kwa panga usawa wa ardhi, tukaondoka.

Usingizi ulinichukua hapo hapo, kwenye neno "nathibitisha".

Napanda ngazi. Ngazi yenyewe ni bua la kijani, na kila penye kifundo pana ghorofa. Katika kila ghorofa majani mawili yamesimama yakitazamana, moja kulia, moja kushoto, kama inavyopasa. Ghorofa ya nne yako matatu.

"Mmezidi mmoja," nikasema.

"Tumezaliwa watatu," likajibu lililo karibu nami. "Hata wa juu yetu ni watatu watatu. Andika."

"Kitabu kinasema mawili mawili."

"Hicho kitabu kimewahi kupanda huku?"

Nikatoa kalamu. Ilikuwa imechipua tawi kwenye ncha. Ncha moja ikaandika 1, nyingine ikaandika 11. Nikaona ni vyema kuendelea.

Ngazi ikapinda. Mabua yaliyokuwa pembeni yakaja kuungana nayo, ubavu kwa ubavu, mpaka yakawa kitu kimoja kipana na bapa kama ubao. Nikaweka viganja juu yake. Nilikuwa kizimbani.

Hakimu alikuwa jani. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana kwa utando, kama mguu wa bata, na alivaa miwani.

"Shahidi," akasema, "unanitambua?"

"Hapana, Mheshimiwa. Jani la bangi lina vidole vilivyoachana."

"Basi mimi siyo bangi."

"Sijasema hivyo."

"Andika kwamba hakimu si bangi," akamwambia karani, na watu wote wakapumua.

Wakamleta Mama Atuganile. Kwapani alikuwa na kuku mwekundu. "Ugonile, bwana shamba," akanisalimia. Miguu iliniwasha, nikawa nahama kutoka mguu huu kwenda ule.

Hakimu akasoma sheria. Ilikuwa ya mstari mmoja: kila kinachoshika ardhi ni mche.

Karani akaanza kuhesabu. Kiti, minne. Meza, minne. Kuku akashushwa, akawa miwili. Karani akafika kwangu, akainama, akatazama viatu vyangu kwa makini.

"Zefania wa kushoto," akaandika. "Zefania wa kulia."

"Ni mimi mmoja!" nikasema.

"Umechimba?" akauliza hakimu.

Wa kushoto akahukumiwa miaka sita. Wa kulia akaachiwa huru kwa kukosekana ushahidi. Nikauliza nitatembeaje. Hakimu akasema hilo ni suala la barabara, siyo la mahakama.

Mama Atuganile akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, naomba kuuliza. Mimi nikipiga magoti na kuweka viganja chini, nitakuwa wanawake wangapi?"

"Sita," akasema karani bila kusita.

"Na wote sita mtatufunga?"

"Wote."

"Na kuku watalishwa na nani?"

Hakimu akavua miwani. Nilitaka kusema jambo, lakini mdomo ulikuwa umejaa udongo, na mahakama haikuwepo tena.

Niko nyuma ya nyumba, kando ya banda. Mvua inakuja. Miche kumi na mmoja imesimama, hakuna aliyeikata. Nimeshika rula ya ofisi na ninachimbia kwa rula hiyo. Nachimba bua la kwanza: haliendi chini, linapinda. Nalifuata. Ni tawi, limelala ndani ya udongo kama mtu aliyejifunika blanketi. La pili vivyo hivyo. La saba. La kumi. Yote yanarudi kwenye shina moja, nene kama kifundo cha mkono.

"Nilichoka kusimama," likasema shina. "Nikayalaza matawi chini. Yakagusa udongo, yakaota mizizi, yakainuka. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungesema."

"Amesema mama. Wewe ulikuwa unatazama viatu."

Nikataka kuondoka. Tawi moja la chini, changa, lilikuwa tayari limepita chini ya kamba ya kiatu changu cha kushoto.

"Usisimame sana mahali pamoja," likaniambia, kwa upole kabisa. "Watakuandika wa kumi na mbili."

Nikaamka. Ilikuwa saa tisa na nusu, na karatasi imenigandia shavuni. Mguu wa kushoto uliwasha. Nikavua kiatu. Kisigino cha soksi kilikuwa kimetobolewa na mzizi mweupe, mbichi, urefu wa ukucha, na punje ya udongo mwekundu kwenye ncha yake.

Nikampigia simu Koplo Sichalwe, aliyeongoza askari siku ile. Nikamwambia hesabu yangu ina kosa, tukutane kwa Mama Atuganile, aje na jembe.

"Ile miche imeshakatwa, bwana shamba. Utahesabu nini?"

"Kilichobaki chini."

"Na umejuaje kuna kitu chini?"

Nikautazama mzizi, kisha nikaitazama sakafu ya ofisi yangu, ambayo ni ya saruji ukuta hadi ukuta. Nikamwambia asisahau jembe, nikakata simu, nikatoka na kiatu kimoja.