Rangi Isiyoficha

Kasoki alitaka nyeupe. Nyeupe ya mafuta, ile yenye kung'aa mpaka mutu anajiona uso, kwenye kadre ya mulango, zile mbao zinazouzunguka, na kwenye zile mbili za madirisha. Bwana yake, Kambere, alitaka kahawia ya maji, isiyong'aa hata kidogo. Wiki nzima hiyo ndiyo ilikuwa kelele yao, na siku zinakimbia: Jumamosi, familia ya kijana aliyemuomba binti yao Masika ingefika hapa Ndosho kujitambulisha.

"Papa Masika," Kasoki alisema, "hii vumbi yetu nyeusi ya volkano unaijua. Rangi ya maji inaishika, haiachi. Ya mafuta napitisha kitambaa, kwisha."

"Kahawia," Kambere akajibu, na akaongeza sauti ya redio.

Loo, mwanaume mubishi! Kasoki alikuwa akijidai kwamba miaka ishirini na nane ya ndoa imemuonyesha kila kitu kuhusu bwana yake. Kumbe bado.

Alhamisi Bashige, fundi wa rangi, alifika na makopo mawili, nyeupe na kahawia. Kabla ya lolote akapaka nyeupe kidogo pale ubavuni mwa kadre ya mulango, mama aone mwenyewe. Jua la asubuhi likaingia kutoka barabarani, na kile kipande chote kikaonekana mawimbi matupu, kila mahali randa iliporuka.

"Mama, ya mafuta haifichi kitu," Bashige akasema polepole. "Kosa la seremala inalitangaza. Ya maji ndiyo inasamehe."

Kambere alikuwa seremala wa kweli, hata mapadri walimuita kuwatengenezea mabenchi. Kisha tansio, presha ya damu, ikamupiga, mukono wa kuume ukalala, na hizi kadre tatu, kazi yake ya mwisho, alizipiga randa kwa mukono wa kushoto. Na baba ya kijana, muzee Kataliko, ni seremala pia, kule Butembo. Sasa Kasoki alielewa. Haikuwa ubishi, ilikuwa aibu. Huruma ilimushika mpaka akakaa kwenye kizingiti.

"Paka kahawia, ya maji," akasema kwa sauti kubwa, ili ndani wasikie. "Nyeupe ni ya hospitali."

Mchana, Bashige akiwa bado nje anasafisha kadre kabla ya kupaka, Kambere hakugusa fufu kwenye sahani yake.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

"Na wewe pia unataka kuficha."

Maneno hayo yalimuchoma Kasoki. Alidhani anamusaidia, kumbe amekubali kwamba kuna aibu. Hasira ikamupanda, na hakujua vizuri anamukasirikia nani.

"Nifiche nini?" akafoka. "Nani alikalia hiyo mbao miezi miwili isikimbie, wewe ukisukuma randa? Si mimi? Matako yangu yalikufa ganzi! Na kila uliporuka nilicheka, na nikicheka mbao inatingika. Nusu ya hayo mawimbi ni yangu, Papa Masika. Yangu siyafichi."

Kambere akacheka kwa upande mumoja, maana mudomo nao haukupona wote.

"Bashige!" akaita. "Hiyo kahawia rudisha. Fungua nyeupe."

Jumamosi wageni walifika na vitenge vyao na nyimbo zao. Muzee Kataliko alisimama mulangoni, kofia mukono wa kushoto, watu wakijazana nyuma yake, akapitisha kidole gumba kwenye kadre, polepole, kutoka juu mpaka chini. Jua lilikuwa linaipiga sawasawa. Kasoki alishika sinia ya soda, macho kwenye kile kidole.

"Ni fundi gani alifanya hii?" muzee akauliza.

Kambere alisogea, akamunyooshea mukono wa kushoto, jambo ambalo hakuwahi kumufanyia mugeni.

"Tulikuwa wawili," akasema. "Mimi na mama Masika."

Kataliko aliangalia ule mukono, kisha ule mwingine uliolala, kisha kadre tena. Akahamishia kofia yake mukono wa kuume, na yeye akamupa wa kushoto.