Jani la Sale kwa Bi. Palmer

Vikombe vya Bernadetha vilifukuzwa kabatini mwaka 1988. Kabati lenyewe lilikuwa la harusi, la mninga, lenye vioo viwili vya kusukuma, na mumewe Remigius alilitwaa mchana kweupe ili apange ndani yake vichwa vya treni. Si vichwa vya kweli, jamani. Vilikuwa vidogo, vya kushikwa kwa mkono mmoja, ila kila kitu kilikuwepo: magurudumu, taa, ngazi ya dereva, hata kitasa cha mlango. Wageni waliokaa kwenye kochi pale nyumbani, Shirimatunda, Moshi, wakisubiri chai waliviita midoli. Mzee akisikia neno hilo alinuna, na chai ilichelewa.

Alikuwa na haki ya kununa. Aliingia reli akiwa kijana wa kuchochea moto kwenye vichwa vya mvuke, akapanda mpaka akawa dereva, na miaka yake ya mwisho kumi na moja aliendesha kichwa kimoja cha dizeli, namba 8814, Moshi na Tanga, Tanga na Moshi. Kile kidogo cha kwanza aliachiwa na injinia mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Vingine alivipata kwa Indravadan, mwenye duka la vipuri vya pampu mjini, ambaye alikuwa na ugonjwa uleule. Jumamosi mchana Indravadan alifunga duka, wakakaa wawili hao kwenye stoo, wakitia magurudumu mafuta ya cherehani kwa sindano, na saa nzima ilipita bila mtu kusema neno. Wake zao hawakuwaelewa, na wao hawakujieleza.

Kichwa cha saba kililetwa na posta mwaka 1993, kutoka Uingereza. Denis, mtoto wao wa pekee, alikuwa kule akisomea ufundi, na alikinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa kuosha vyombo hotelini. Kiwanda hakikutengeneza kichwa cha Tanzania, nani angekinunua? Basi Denis alitafuta kinachofanana, akakipaka rangi upya yeye mwenyewe, na ubavuni akaandika 8814 kwa rangi nyeupe ya kucha za wanawake. Mkono ulimtetemeka mwishoni, ile nne ikapinda mguu. Remigius aliitazama ile nne iliyopinda zaidi kuliko alivyotazama treni yenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama, moja baada ya jingine. Mwaka 1994 Remigius alipunguzwa kazini pamoja na wenzake, wakaambiwa nchi inabadilika. Treni ya abiria ikawa inakuja kwa kusuasua, halafu haikuja kabisa, na majani yakaota kati ya mataruma ya reli. Mwaka 1996 Denis alirudi amekonda, na majirani walijua ni nini bila kuuliza. Walimzika mlimani Mwika, kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, kando ya babu yake, na kuzunguka kaburi wakapanda masale, ile mimea ya majani marefu, kama ilivyo desturi.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Remigius alitandika reli ya duara juu ya meza, akaunganisha na betri ya pikipiki, akakiweka kichwa cha Denis. Kilizunguka mara tatu, basi, kisha kilirudishwa kabatini. Bernadetha hakuja kutazama. Alikuwa jikoni na vyombo vyake, lakini kichwa kikianza kuvuma, maji na sahani havikusikika tena, na kikisimama aliendelea kuosha. Kwa mizunguko hiyo mitatu wazee hao waliweza kuifikia Jumapili nyingine.

Mwezi wa pili mwaka 1998, katika mzunguko wa pili, kilikwama.

Indravadan alikifungua juu ya gazeti kwa bisibisi ya saa. Gia moja ya plastiki, ndogo kama punje ya mahindi, ilikuwa imepasuka katikati. Walijaribu gundi, ikashika siku moja. Walimpelekea fundi saa wa sokoni, akaigeuzageuza chini ya lenzi yake na kusema kitu hiki kinatoka kwa aliyekitengeneza, si kwa mwingine. Kwa hiyo Indravadan aliingiza karatasi kwenye taipureta yake, akamwandikia aliyekitengeneza.

Barua ya kwanza ilikuwa ya heshima mno. Ilianza na salamu, ikauliza habari za kiwanda, ikaeleza kwamba sisi huku tu wazima, kisha ikafika kwenye gia. Baada ya wiki sita idara ya huduma kwa wateja ilijibu kwamba inamshukuru mteja kwa kuchagua bidhaa zao, na kwamba iletwe risiti. Risiti haikuwepo. Waliandika tena, wakajibiwa na mtu mwingine, mwenye jina jingine, ambaye hakuwa ameisoma barua ya kwanza, naye akataka namba iliyo chini ya kichwa. Wakaituma. Wa tatu akaandika kwamba namba hiyo imesajiliwa kwa jina la Bwana D. Remigius, na kwa mujibu wa utaratibu maombi yote ya dhamana lazima yaandikwe na kutiwa saini na mnunuzi mwenyewe.

Hapo mzee alipandwa na hasira ambayo Indravadan hakuwahi kuiona kwake. Alisimama katikati ya stoo akasema aandikiwe neno kwa neno. Mnunuzi mwenyewe yuko Mwika chini ya udongo, aliandikisha, basi nendeni mkamwombe saini huko. Kisha akaongeza maneno ambayo kwa Wachagga mtu hayatamki hata akiwa amelewa: kwamba na ninyi mzike wa kwenu, mjue. Indravadan aliondoa vidole kwenye taipureta. Alimwuliza kama kweli ana hakika. Mzee alisema andika, naye akaandika, na kwa miaka yote iliyobaki Indravadan alijuta kwamba hakujifanya utepe wa taipureta umekwisha.

Jibu halikuchelewa safari hii. Liliandikwa kwa mkono, na lilitiwa saini na mwanamke aitwaye Bi. Palmer. Alisema barua imeangukia mezani kwake kwa sababu wenzake hawakutaka kuijibu. Alisema yeye si mtunga sheria, hupokea simu na kufungua barua tu. Alisema anasikitika sana kwa msiba. Alisema pia kwamba ana mtoto wa kike wa miaka minne, na ule mstari wa mwisho umemkosesha usingizi, ingawa anajua haukukusudiwa yeye. Mwishoni aliomba kichwa kitumwe kwake yeye binafsi, bila risiti, naye atakisimamia mpaka kitengenezwe.

Indravadan alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. Remigius alikaa juu ya kreti la bolti, na aibu ilimjaa mpaka masikioni. Alikuwa amemlaani mtoto wa miaka minne! Laana si mate, kwamba utayapangusa na kiganja yaishe. Akiwa anakwenda nyumbani kwa miguu aliwaza jambo moja tu, kwamba neno lile lazima lirudishwe, na linarudishwa kwa njia moja.

Asiyetoka mlimani aelezwe. Mtu akikukosea, akataka kuomba radhi hasa, hukata jani la sale akakuletea. Ukilipokea mkononi huwezi kukataa, hata kama alikuchomea nyumba. Umesamehe, na kesi hiyo haifufuliwi tena, na yeyote kati yenu. Remigius alipanda mlimani hadi Mwika siku ya Jumatano. Masale yalikuwa yamejaa kwenye ua mzima wa kihamba, lakini hakukata la uani. Alikwenda kaburini, akakata jani moja bichi kutoka kwenye sale lililokuwa kichwani kwa Denis, ili na mtoto aombe radhi pamoja na baba yake.

Boksi la kichwa lilikuwa limeliwa na mchwa zamani. Kwa hiyo alikifunga kama mtu wa mlimani anavyofunga kitu asichotaka kivunjike, kwa majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, na jani la sale akalilaza juu kabisa ili Bi. Palmer aanze nalo kabla ya kitu kingine. Bernadetha alikuwa ameshika kamba. Alimwuliza kama Wazungu wanajua sale ni nini, naye alimjibu kwamba wameandikiwa ndani, na hata wasingeandikiwa, jani la msamaha mtu hulijua akilishika.

Posta walimpa fomu ya forodha. Karani alimwuliza ndani kuna nini. Alisema treni moja ndogo, mbovu, na karani akaandika hivyohivyo. Nani anaandika msamaha kwenye fomu ya forodha?

Wakasubiri. Jumapili tatu, kumi, kumi na nne. Kabati lilikuwa na pengo katikati, na Bernadetha alipofuta vumbi alipitisha kitambaa kwenye pengo hilo pia. Remigius alikuwa na furaha ya woga. Alisafisha reli ya duara kwa spiriti, akachaji betri, na kila alipopita posta aliwasalimu makarani kuliko ilivyohitajika.

Kifurushi kilifika mwezi wa kumi. Indravadan alifunga duka siku ya kazi, jambo lililowashangaza wateja, akakileta mwenyewe Shirimatunda kwa gari. Ndani kulikuwa na boksi jipya linalong'aa, na ndani ya boksi kichwa cha treni, kizima, kizuri, bila mkwaruzo. Remigius alikigeuza ubavu mmoja, akakigeuza wa pili. Hakukuwa na namba.

Barua ilikuwa chini. Indravadan aliisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akaitafsiri polepole. Bi. Palmer alisema hajui aanzeje. Kifurushi kilifunguliwa na watu wa ukaguzi wa mimea kwenye mizigo. Walikuta jani bichi, na majani makavu yenye wadudu, wala fomu haikuyataja, na kwa sheria zao waliteketeza kila kilichokuwa ndani, pamoja na barua. Yeye alitumiwa karatasi ya taarifa tu. Aligombana na wakubwa zake mpaka wakakubali kutoa kichwa kipya bure, na anajua si kilekile.

"Karatasi yao inasema jani bichi moja," Indravadan alitafsiri. "Anasema, 'Sijui lilikuwa la nini. Lakini kama ulinitumia mimi, nimelipokea, na ninakushukuru.'"

Bernadetha alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Hakulia. Alimwuliza mumewe jani lile lilitoka wapi, kwa maana ua wa Shirimatunda hauna sale.

"Nililikata kichwani kwake," Remigius alisema. "Kaburi tulimchimbia wengi. Huku kumchoma nimemchoma mimi peke yangu."

Indravadan, kwa kuwa ndicho alichokijua, alianza kusema kwamba ataandika kwa ukaguzi, ataandika ubalozini, ataandika kwa mkurugenzi wa kiwanda, haiwezekani mali ya mtu ichomwe kama takataka. Alikuwa amekasirika kweli. Remigius alimwacha amalize, kisha akatikisa kichwa.

"Amelipokea," alisema. "Umesoma mwenyewe. Mtu akishapokea sale hatuna la kudai tena, si kwake, si kwa kiwanda chake."

Chini ya boksi ilibaki kadi moja ngumu, imekwishalipiwa stempu. Idara ya huduma kwa wateja ilitaka kujua imemhudumiaje. Indravadan alitaka kuichana, mzee akaomba kalamu. Je, tatizo lako limetatuliwa? Remigius alitia alama kwenye Ndiyo. Je, umeridhika? Akatia alama kwenye Ndiyo. Mahali pa kuandika maoni alipaacha wazi, akampa Indravadan kadi aitie posta akirudi mjini.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alitandika reli juu ya meza. Kichwa kipya kilikwenda vizuri kuliko cha zamani, bila kukwaruza, bila ule mtikisiko mdogo kwenye kona. Kiliimaliza duara ya kwanza. Jikoni maji yaliendelea kumwagika, sahani zikagongana, sufuria ikasuguliwa kwa majivu. Remigius alikaza masikio katika duara ya pili, na katika ya tatu. Bernadetha hakuacha kuosha.

Remigius hakukirudisha kabatini; alikiacha kizunguke mpaka betri ikaisha.