Mlio wa Saba

Fataki, mlipuaji, alikuwa amewasha tambi saba za baruti kule chini. Sasa amejibanza juu, kando ya mdomo wa shimo la dhahabu, anahesabu milio kwa vidole. Ikalia sita. Akangoja, wapi! Kimya.

"Moja imelala," akasema.

"Saba zote zimelia!" Shemeji yake, mume wa dada yake na mwenye shimo, alishajifunga kamba kiunoni. "Mbili zimelia pamoja. Wewe baruti imekuua masikio."

Sikio la kushoto kweli lilikufa. La kulia lilikuwa zima, tena lina akili kumshinda shemeji. Baruti iliyolala haisogelewi mpaka kesho yake.

"Hushuki, shemeji."

"Na wale jirani wa shimo la pili je? Wanaufuata mkanda huu huu wa dhahabu kutoka upande wa pili. Kesho tutakuta vumbi!"

Fataki akaishika kamba. Shemeji akamtandika mpini wa sepetu mdomoni, jino likaruka. Kisha huyo, mguu mmoja ngazini. Fataki akamfikiria dada yake, aliyemlea kwa jasho lake, akiletewa mume vipande vipande. Akaokota nyundo, akaishusha kwenye muundi wa ule mguu uliobaki juu. Mfupa ukalia ko! Akamvuta kwa kola mpaka nje, huku shemeji akimtukana matusi ya nguoni.

Mara, kule chini, mlio wa sururu. Jirani walikuwa wametoboa ukuta, wanachokoa mawe yaliyolipuliwa.

"Msiguse!" Fataki akapiga kelele mpaka koo likakwaruza. "Imelala moja! Tokeni!"

Kicheko kikapanda. "Mwezi jana shemeji yako alituambia hivyo hivyo, akabeba dhahabu yote. Kadanganye watoto!"

Sururu zikaendelea. Tatu, nne.

Ikalia ya saba. Ardhi ikaruka, shimo likatapika moshi, mawe na kipande cha mkono chenye saa. Halafu sauti moja tu ikabaki chini, inamwita mama.

Shemeji alikuwa chali, muundi umechomoza nje ya suruali, machozi yanamtiririka. Akaanza kucheka.

"Saba, kweli. Sasa mkanda wote ni wetu, shemeji."

Fataki akamfungua kamba kiunoni, akajifunga mwenyewe. Akashuka kuifuata ile sauti, akijuta, mama yangu wee, akijuta ile nyundo iliyomwokoa shemeji.