Jina la Tovuti ya Mama Kidoti

Jumatano baada ya chakula cha mchana, fundi wa kompyuta alisogeza mkasi na chaki kwenye meza ya kukatia vitambaa, akafungua kompyuta yake. Alieleza kwamba jina zuri la tovuti ya biashara ni fupi, halina namba wala vistari, na mtu akitajiwa kwenye simu analiandika bila kukosea. Wenye duka walimsikiliza kwa makini. Walikuwa mama mshona sare za shule, binti yake wa miaka thelathini na minne, na Kidoti, kifungua mimba, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka sita.

Kidoti huja kila Jumatano kupimwa. Hajaongezeka hata inchi moja, kwa hiyo sare zote za darasa la kwanza hukatwa kwa mwili wake, na hakuna mzazi aliyewahi kurudisha. Siku hiyo alisimama juu ya stuli, mikono ameitanua, gauni limejaa pini.

Binti alitoa karatasi. Alikuwa ameandika jina moja tu, lake mwenyewe. Ndiye anayefungua duka asubuhi, ndiye anayekata na kugombana na wauza vitambaa, na miaka yote hiyo watu husema wanakwenda kwa Mama Kidoti. Alitaka jina lake lionekane walau huko mtandaoni. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wote.

"Herufi tano, na hakuna aliyelichukua," fundi alisema. "Hili zuri."

"Weka la mdogo wangu, mama," Kidoti alisema. "Mimi hata kusoma sijui."

Mama alitoa pini mdomoni. Alimtazama binti yake kwa mapenzi, maana alimpenda mno, hilo halina ubishi.

"Wewe upo, mwanangu," alisema. "Mwenzio asipoandikwa, atabaki wapi?"

Binti alikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akaandika kwamamakidoti, bila nafasi, akabonyeza. Jina hilo nalo halikuwa limechukuliwa. Kidoti alishuka kwenye stuli, akamshika mdogo wake mkono, akakaa naye hivyo mpaka fundi alipoaga.

Siku ya tatu ikaingia simu ya kwanza. Mwalimu mkuu, aliyeiona tovuti, alitaka sare arobaini za darasa la saba.

"Naongea na nani?"

"Binti wa mwenye duka."

"Ahaa, kumbe wewe ndiye Kidoti."

"Ndiyo, ni mimi," binti alisema, akavuta kalamu aandike vipimo.