Mzao wa Kwanza wa Phuyu

Pikipiki ilifika bila kutarajiwa, barafu ya asubuhi ikiwa bado haijayeyuka kwenye nyasi. Aliyeshuka alikuwa kijana mgeni, midomo imempasuka kwa baridi. Kabla hajatoa salamu, alpaka mmoja, mnyama wa sufu wa milimani, akamtemea mate usoni.

"Ndivyo mnavyokaribisha watu huku?" akauliza, akijifuta.

"Huyo kakupenda," Nélida akamjibu. "Asiyependwa hupigwa teke."

Mgeni akacheka, akatoa bahasha. Alikuwa ametumwa na chuo cha uuguzi cha Juliaca. Mwanafunzi mmoja amejitoa, na nafasi yake imemwangukia Nélida, ila lazima atie sahihi leo hii kabla ofisi haijafungwa.

"Ni mwendo wa saa tano, dada. Tukitoka sasa tutawahi."

Nélida aliishika ile karatasi. Alikuwa amepanda huku mlimani kumsaidia baba kwa msimu mmoja tu. Baba alitoka mgodini na vidole sita, akapewa alpaka kumi na mmoja wa kuchunga, kwa mapatano kwamba wazao wa miaka mitatu ya kwanza ni wa mwenye mali, kisha ndipo waanze kugawana. Msimu ukazaa msimu. Mlima uleule, upepo uleule, ukuta wa mawe uleule. Kuna siku alijiona yeye ndiye aliyefungiwa zizini, na alpaka ndio wanaomchunga.

"Binti yangu, njoo!" baba akaita kutoka zizini.

Phuyu, alpaka aliyekuwa akizaa, alikuwa amelala chini, anahema. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa nje, wa pili haukuonekana. Mwaka wa nne ulikuwa umeingia, na mtoto huyu ndiye angekuwa wa kwanza kuwa mali yao. Wakati wa kunyoa sufu, Nélida alikuwa amemwambia baba, "Wetu wa kwanza nitampokea mimi."

Baba akaiona bahasha. Akaisoma polepole.

"Nenda, mwanangu. Ahadi yako nimekurudishia. Nitamtoa mwenyewe."

"Kwa vidole gani, baba?"

"Vilivyobaki havijagoma."

Walicheka wote wawili, halafu kicheko kikawaishia.

"Dada," mgeni akaita, "ofisi haitatungoja."

Nélida alitazama njia inayoteremka bondeni, kisha akatazama jua. Mtoto asipotoka kabla ya adhuhuri, manyoya yake hayakauki, na baridi ya jioni humuua. Akamrudishia mgeni karatasi, bila sahihi.

"Waambie nashukuru. Waambie nitaomba tena."

Akakunja mikono ya sweta, akapaka mafuta hadi kwenye kiwiko, akapiga magoti. Nyuma yake pikipiki ikanguruma, ikageuka, ikaanza kuteremka. Machozi yalimtoka, lakini hakuwa na mkono wa kuyafuta. Akapapasa taratibu ndani, mpaka akaligusa goti dogo lililokunjika.

"Mshike Phuyu kichwa, baba," akasema. "Nimempata."