Chupa ya Dirishani

Kwa wiki tatu binti mtafiti alitembea maabara nzima kifua mbele. Alikuwa amethibitisha, au alijidanganya hivyo, kwamba protini mbili za mitokondria, yale majiko madogo yanayoipa seli nguvu, hushikana pale seli inaposhambuliwa na sumu za oksijeni. Zikishikana, seli inapona. Profesa alishaandika makala. Kilichobaki ni mtu mwingine kurudia jaribio, na kazi hiyo akapewa Mzee Pima, fundi wa maabara aliyebakiza miezi minne astaafu.

Seli za mzee zilikufa zote, zenye protini zile na zisizo nazo. Binti akapandwa na hasira. Kwenye kikao cha Jumatatu, mbele ya watu kumi na mmoja, alisema mikono ya mzee siku hizi inatetemeka, bora apumzishwe. Mzee alikusanya karatasi zake. Kesho yake akahamishiwa chumba cha kuoshea vyombo.

Wiki moja baadaye, akitafuta pa kuweka trei, binti aliikuta chupa yake mwenyewe nyuma ya pazia la dirisha. Ilikuwa na peroksidi, dawa yenye sumu ya oksijeni wanayozitesea seli. Alifungua daftari. Seli zisizo na protini alizipa dawa siku ileile aliyoizimua. Zenye protini alizipa siku kumi na mbili baadaye, kutoka chupa hiyohiyo, iliyokuwa imeota jua muda wote huo, na jua huua nguvu ya dawa hiyo. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona haya kufanya kosa kama hilo.

Alikata kiazi kibichi, ambacho hutoa povu kikiguswa na peroksidi, akadondoshea dawa mpya. Povu likatoka papo hapo. Akadondoshea ile ya dirishani, kiazi kikakaa vilevile. Seli zake hazikukingwa na chochote. Zilimwagiwa maji matupu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alimkuta mzee kwenye sinki, glavu zimemfika viwikoni. Akamweleza yote, akamwomba radhi. Mzee alisema tarehe zile aliziona daftarini tangu mwanzo.

"Sasa mbona ulinyamaza, mzee wangu?"

"Ulishawaambia nimezeeka. Nani angenisikiliza?" Alizima bomba. "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini ulinisema mbele ya watu kumi na mmoja. Humu tuko wawili tu."

Maneno yale yalimchoma binti kuliko kama angetukanwa.

Alipofika kwenye kikao cha Jumatatu, kilikuwa kimeshaanza. Profesa, uso umemkunjuka, alikuwa akiwagawia watu makala, akamuuliza binti kama ana la kuongeza kabla makala haijatumwa jaridani. Alisema analo, ila kwanza aliomba Mzee Pima aitwe. Kisha akabaki amesimama akimngoja, uso ukimwaka moto, bila kuthubutu kumtazama mtu machoni.